Shelisheli: Nchi Ndogo na Ndege Zake

Kijiji kikitaka kununua lori, watu hukaa mkutano. Huulizana: Litabeba nini? Je, litaweza kulipa mafuta na vipuri vyake? Nchi nayo ikitaka kuwa na ndege, maswali ni hayo hayo. Leo tutazame Shelisheli na shirika lake la ndege, Air Seychelles.

Shelisheli ni visiwa zaidi ya 100 katika Bahari ya Hindi, mashariki ya pwani yetu. Watu wake ni kama laki moja na zaidi kidogo. Mji mkuu, Victoria, uko katika kisiwa cha Mahé.

Zamani hakukuwa na uwanja wa ndege mkubwa huko. Msafiri alipanda meli, kwa mfano kutoka Mombasa, akalala baharini siku kadhaa. Uwanja wa Mahé ulianza kazi mwaka 1971. Mwaka 1976 nchi ikapata uhuru. Mwaka 1977 serikali ikaanzisha shirika la ndege la taifa.

Kazi yake ya kwanza ni kuunganisha visiwa. Ndege ndogo, zinazobeba watu wasiozidi 20, huenda kutoka Mahé hadi kisiwa cha Praslin. Safari hiyo ni ya dakika 15 tu! Kazi ya pili ni kuleta watalii, maana nchi ile hupata fedha nyingi kwao.

Mwaka 1983 ndege za shirika zikaanza kwenda Ulaya. Watu walifurahi. Lakini ndege kubwa ina gharama kubwa: mafuta, marubani, mafundi. Tena, kiti kikiondoka kitupu, hasara imeingia. Huwezi kukiweka ukakiuza kesho. Ni kama maziwa yaliyochacha.

Basi mashirika makubwa ya nje nayo yakaleta watalii, na ushindani ukawa mkali. Mwezi wa Januari 2012 Air Seychelles ikaacha safari za Ulaya. Mwaka huo huo shirika la Etihad la Abu Dhabi likanunua hisa 40 katika kila 100. Hisa ni fungu la mali, kama tunavyojua katika duka la ushirika. Safari za Paris zikarudi, kisha mwaka 2018 zikaachwa tena.

Mwaka 2020 ukaja ugonjwa wa korona. Watalii wakakatika. Mwaka 2021 serikali ilizirudisha mikononi mwake zile hisa 40, na kwa sababu ya madeni shirika likawekwa chini ya wasimamizi. Mwaka 2022 likatoka huko, likaendelea na kazi.

Je, limebaki na nini? Ndege ndogo za visiwani, na ndege chache za kwenda nchi zilizo karibu kuliko Ulaya, kama Afrika Kusini. Na kumbe kuna jambo lingine! Pale uwanjani linahudumia ndege za wengine: kushusha mizigo na kupokea abiria. Wale walioshindana nalo sasa wanalilipa.

Wahenga walisema, mtu hujikuna ajipatapo. Kuwa na ndege ni fahari, lakini fahari hailipi deni.

Maswali ya kujadili:
1. Kwa nini kiti kitupu ni hasara?
2. Je, katika kijiji chetu kuna mradi uliotushinda kwa ukubwa wake? Tungeuanzaje upya?