FRIGO YA CHANJO: KWA NINI TUNAITUNZA KILA SIKU

Mama, siku ya kupima watoto unaona muuguzi anafungua frigo, anatoa kichupa, anafunga haraka. Pengine ulijiuliza: frigo hii ni ya kazi gani, na Butembo yetu ni baridi tayari?

Baridi ya milima haitoshi. Chanjo inapaswa kukaa kati ya digri 2 na digri 8, usiku na mchana. Butembo jua likitoka, joto linapita digri 20, na Beni ni joto zaidi. Chanjo ya surua ikipata joto, nguvu yake inakufa. Chanjo ya pepopunda na kifaduro ikigandishwa na barafu, inaharibika vilevile. Ubaya ni huu: mara nyingi huwezi kuitambua kwa macho. Mtoto anachomwa, analia, anarudi nyumbani, lakini hana kinga. Surua ikija, inampata.

Tunaitunza namna gani?

1. Asubuhi na jioni tunasoma kipima-joto na kuandika, hata siku ya Yenga.

2. Barafu ikifika unene wa nusu sentimita, inazuia baridi kutoka. Tunahamisha chanjo katika sanduku la baridi, tunazima frigo, barafu inayeyuka yenyewe. Hatuikwangui kwa kisu, kwa sababu tutatoboa mabomba. Kisha tunapangusa na kukausha.

3. Frigo inatupa joto lake kwa mgongo. Vumbi likijaa pale, joto halitoki. Tunalipangusa, na hatuisukumi mpaka ukutani.

4. Tunafunga mlango juu ya kipande cha karatasi. Karatasi ikivutika kwa urahisi, mpira wa mlango umechoka na baridi inatoroka.

5. Kama frigo ni ya jua, tunasafisha vioo vyake juu ya paa, vumbi na majani visivifunike.

Yaliyonipata

Nilipokuwa kijana katika kazi, mtu mmoja wa kituo chetu aliweka sufuria ya nyama ndani ya frigo. Mlango ulifunguliwa siku nzima. Jioni kipima-joto kilionyesha digri 14. Kesho yake wamama walifika, wengine wametembea tangu usiku. Mmoja akaniambia: "Mama, nimetoka mbali na mutoto mugongoni, munanifukuza?" Sikuwa na jibu zuri. Wengine hawakurudi tena. Tangu siku ile, frigo ya chanjo ni ya chanjo tu.

Mnakumbuka Ebola ya Beni na Butembo, tangu 2018 mpaka 2020. Chanjo yake ilihitaji kuwekwa katika baridi kali sana, digri 60 mpaka 80 chini ya sifuri. Ilitunzwa, na watu wengi sana walichanjwa.

Wewe mama, utasaidia namna gani?

- Usiombe kuwekewa maziwa, nyama ao kinywaji katika frigo hii.
- Uliza uonyeshwe alama ya kichupa: mraba ndani ya duara. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, joto halijaiharibu. Ukiwa na rangi sawa na duara ao mweusi zaidi, chanjo inatupwa.
- Ukiambiwa "leo hakuna chanjo, baridi ilikatika", usikasirike. Uliza siku ya kurudi, iandikwe kwa karatasi ya mtoto, na urudi kweli.

Kurudi mara ya pili kunachosha miguu. Lakini sindano ya chanjo iliyokufa inamdanganya mama, na mtoto ndiye analipa.