Saa za Kazi za Dereva: Sheria Inavyomlinda Mfanyakazi na Abiria

USEVYA, KATAVI – Safari ya basi kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam ina umbali unaozidi kilomita 1,000. Kwa ukomo wa mwendo wa kilomita 80 kwa saa uliowekwa kwa mabasi, safari hiyo huchukua zaidi ya saa 12, hata bila kusimama. Kwa wananchi wa Usevya wanaosafiri kufuata matibabu, masomo na biashara, uchovu wa dereva ni suala la uhai.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida za kazi kuwa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Zikijumlishwa na saa za ziada, kazi haitakiwi kuzidi saa 12 kwa siku. Mfanyakazi anastahili mapumziko ya dakika 60 baada ya saa tano za kazi mfululizo, saa 12 mfululizo kati ya siku moja ya kazi na nyingine, na saa 24 kila wiki. Saa ya ziada hulipwa mara moja na nusu ya mshahara wa kawaida. Hivyo, dereva mmoja hawezi kukamilisha safari hiyo peke yake kwa siku moja bila kuvunja sheria.

Msingi wa masharti hayo ni maumbile ya binadamu. Usingizi hulemea zaidi kati ya saa 8 usiku na saa 12 alfajiri. Dereva akisinzia kwa sekunde tatu tu katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, basi husogea takriban mita 67 bila mwongozo.

Mwezi Aprili na Mei 2015, madereva wa mabasi nchini waligoma, wakidai pamoja na mambo mengine mikataba ya ajira. Dai hilo lina uzito hadi leo, kwa kuwa dereva wa "deiwaka" asiye na mkataba huona vigumu kukataa safari ya pili akiwa amechoka. Hata hivyo, sheria haimwachi. Mwajiri akishindwa kuwasilisha mkataba au maelezo ya ajira ya maandishi katika shauri, jukumu la kuthibitisha masharti yanayobishaniwa ni lake.

Mgogoro ukitokea, mfanyakazi huwasilisha malalamiko katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai ya kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 30, na madai mengine, yakiwemo malipo ya saa za ziada, ndani ya siku 60. Usuluhishi hutangulia, na ukishindikana shauri huenda kwenye uamuzi.

Madereva wanashauriwa kutunza kumbukumbu za tarehe, saa za kuondoka na saa za kufika. Abiria wanaobaini dereva anasinzia wanakumbushwa kumtaka asimame apumzike, na kutoa taarifa mapema kwa Polisi wa Usalama Barabarani au kwa Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA).