Sensa, Madaftari na Ukoo: Namna ya Kuwatafuta Wahenga wa Uluguru

Mwanafunzi wa sekondari mjini Morogoro akiulizwa jina la mama wa mama yake, aghalabu hujibu papo hapo. Akiulizwa jina la mama wa bibi huyo, husita. Akiulizwa la mama wa huyo naye, hunyamaza. Vizazi vinne tu vimetosha kummalizia elimu yake juu ya asili yake mwenyewe.

Nilipokuwa masomoni Ulaya, mwenzangu mmoja kutoka Ireland alinionyesha kwenye kompyuta karatasi ya sensa ya mwaka 1911. Humo mliandikwa baba wa babu yake, mkewe, watoto wao, umri wa kila mmoja, dini yao, kazi zao na kama walijua kusoma. Kisha akaniuliza: "Na ninyi, karatasi zenu ziko wapi?" Makala haya ni jibu la swali hilo.

Sensa ni hesabu ya watu wote wa nchi kwa wakati mmoja uliowekwa. Sensa ya Tanzania ya mwaka 2022, kwa mfano, iliwahesabu watu kwa mahali walipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, na jumla yao ilikuwa 61,741,120. Karani huandika habari za mtu mmoja mmoja, lakini kinachochapishwa ni jumla: wanawake wangapi, watoto wangapi, nyumba ngapi. Kwa hiyo kila sensa huzaa vitu viwili. Cha kwanza ni majedwali, ambayo mtaalamu wa takwimu huyahitaji. Cha pili ni fomu zenye majina, ambazo mtafuta ukoo huzitamani.

Yaliyotokea Ireland yanafundisha thamani ya hicho cha pili. Fomu za sensa za miaka ya 1821 hadi 1851 ziliteketea karibu zote tarehe 30 Juni 1922, jumba la kumbukumbu za taifa mjini Dublin lilipolipuka na kuungua katika vita vya wenyewe kwa wenyewe. Fomu za 1861 na 1871 hazikungoja moto: serikali yenyewe iliziharibu baada ya kukamilisha hesabu. Zile za 1881 na 1891 zilisagwa kuwa rojo la karatasi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Hivyo sensa kamili za zamani zilizobaki kusomwa na watu wote zilikuwa za 1901 na 1911. Hasara hiyo haikuwa ya wanahistoria peke yao. Sheria ya pensheni ya wazee ilipopitishwa mwaka 1908, wazee wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, maana uandikishaji wa vizazi vyote nchini humo ulianza mwaka 1864. Walithibitisha kwamba wametimiza miaka 70 kwa kutafutiwa majina yao katika fomu za 1841 na 1851, ambazo wakati huo zilikuwa hazijaungua.

Turudi nyumbani. Wakoloni Waingereza walifanya hesabu za watu Tanganyika mwaka 1921, 1928 na 1931, lakini kwa Waafrika hesabu hizo zilitegemea zaidi makadirio na taarifa za watawala wa kienyeji. Sensa ya 1948 ndiyo ya kwanza kufuata kanuni za kitaalamu, ikafuatwa na ile ya 1957. Baada ya Uhuru zimefanyika sensa za 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Ile ya 1967, iliyohesabu watu wapatao milioni 12.3, ndiyo ya mwisho kuuliza kabila la mtu.

Je, mwanafunzi wa Matombo aweza kuomba fomu ya 1967 ili amwone bibi yake? La. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2015 inalinda siri ya habari za mtu binafsi zilizokusanywa kwa ajili ya takwimu. Sababu yake ni ya msingi: mwananchi akishuku kwamba majibu yake yatasomwa na jirani, mkopeshaji au adui, hatasema kweli, na sensa nzima itaharibika. Nchi nyingine hutunza siri hiyo kwa muda maalumu, kisha huifungua: Marekani baada ya miaka 72, Uingereza na Ireland baada ya miaka 100. Lakini kufungua kunahitaji kwanza kuwe na kitu kilichotunzwa.

Basi mtafuta ukoo wa Uluguru ashike njia nyingine tatu.

Ya kwanza ni ukoo wenyewe. Waluguru hufuata ukoo wa mama: mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na tawi la ukoo huitwa tombo, yaani titi. Ukoo wa baba nao hautupwi. Huo ndio mtala wa mtu. Majina ya wakuu wa ukoo hurithiwa, kama jina la Kingalu, mtawala wa Kinole. Hapa mtafiti ajihadhari: jina moja laweza kuwa la watu kadhaa waliofuatana.

Ya pili ni madaftari ya misheni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo mwaka 1868, wakasonga bara hadi Mhonda mwaka 1877 na Matombo mwaka 1897. Daftari la ubatizo huonyesha tarehe, jina jipya, majina ya wazazi na ya msimamizi. Hata hivyo, Waluguru wengi ni Waislamu, na hao hawamo. Kwao hati za ndoa na za mirathi ndizo za kutafutwa.

Ya tatu ni Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Kwa sheria ya mwaka 2002, kumbukumbu za serikali hufunguliwa kwa wasomaji baada ya miaka 30. Humo yamo majalada ya utawala na vitabu vya wilaya vya enzi za Waingereza, ambamo mabwana shauri waliandika habari za koo na watawala. Lakini mkoloni aliitazama jamii kwa jicho la kodi: aliyemhitaji ni mwanamume mwenye nyumba. Katika Uluguru ya zamani mume aliweza kuishi na kulima katika ardhi ya ukoo wa mkewe. Kwa hiyo jina la mwanamume likikutwa katika orodha ya kijiji fulani, halithibitishi kwamba ardhi ya hapo ni ya ukoo wake. Kosa hilo likifanywa darasani huharibu zoezi. Likifanywa barazani laweza kumnyima mtu shamba.

Umri nao una kanuni yake. Makarani wa sensa hutumia kalenda ya matukio kwa mtu asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa. Kwa Morogoro tuna Vita vya Majimaji (1905–1907), kuingia kwa majeshi ya Waingereza mjini (Agosti 1916), ghasia za kupinga matuta milimani (1955) na Uhuru (1961). Tuseme bibi alikuwa akinyonyesha mtoto wake wa kwanza wakati wa ghasia za matuta. Tukikadiria kwamba alikuwa na miaka 16 hadi 22, alizaliwa kati ya 1933 na 1939. Daftari la ubatizo likitaja mwaka ulio ndani ya muda huo, na majina ya wazazi yakilingana, shahidi wawili wamekubaliana. Yasipolingana, tusilazimishe.

Mwalimu aweza kulianza zoezi hili wakati wa likizo. Kila mwanafunzi amwendee mzee wake kwa heshima, aandike majina ya vizazi vinne upande wa mama na upande wa baba, kijiji, tukio la kukadiria umri, jina la msimulizi na tarehe ya mazungumzo. Mzee akikataa kueleza jambo, kwa mfano la utumwa au la ugomvi wa mirathi, aachwe. Siri ya familia yastahili heshima ile ile ya fomu ya sensa. Nakala moja ya daftari ibaki nyumbani, na nyingine ihifadhiwe shuleni mahali pasipofikiwa na mchwa wala mvua.