Kitenzi cha Barua ya Kujiuzulu

Barua ya kujiuzulu huwa fupi, na kitenzi chake kikuu hubeba uzito kuliko aya zote zinazokifuata. Chukua mfano wa muuguzi aliyetumikia zahanati ya binafsi mjini Koboko kwa miaka mitatu na sasa anahamia Arua. Ofisi nyingi za Uganda huandikiana kwa Kiingereza. Hata hivyo, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, na kwa mji kama Koboko, ulio jirani na Kongo na Sudan Kusini, si ajabu msomaji wa barua akawa mtu wa Kiswahili. Linganisha sentensi hizi:

(a) Nimeacha kazi.
(b) Nimeachishwa kazi.
(c) Nimeamua kujiuzulu.

Katika (a) mtenda ni muuguzi mwenyewe. Katika (b) mzizi ni uleule, lakini viambishi vya kusababisha na kutendwa vimemhamisha: sasa yeye ndiye aliyetendwa, na mwajiri mpya atataka kujua kosa lake. Kitenzi *uzulu* maana yake ni kumwondoa mtu katika cheo. Kiambishi *-ji-* humfanya mtu ajiondoe mwenyewe, ilhali *ameuzuliwa* ni habari ya aliyeondolewa na wengine. Silabi moja hubeba heshima ya mtu.

Mbona basi tusitosheke na (a)? Kwa sababu ya *-me-*. Hali hiyo hueleza tendo lililokwisha timia. Anayeiandika barua hivyo asubuhi, huku jina lake limo katika zamu ya usiku, anasema kwamba tayari hayupo. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 hudai taarifa itolewe kwa maandishi, tena kwa lugha ambayo mpokeaji anatarajiwa kuielewa. Kwa aliyefanya kazi zaidi ya mwaka mmoja na chini ya miaka mitano, taarifa hiyo isipungue mwezi mmoja. Katika (c) *-me-* imekaa kwenye *amua*: uamuzi umetimia, kuondoka bado.

Wanafunzi wengi hupenda *Naomba kujiuzulu*. Ni adabu njema iliyowekwa mahali pasipofaa. Ombi huweza kukataliwa, na sheria imedai taarifa, haikudai ruhusa. Adabu na ipelekwe kwenye shukrani.

Tarehe nayo ina mtego. *Kuanzia tarehe 31 Agosti sitakuwepo* humwacha msimamizi akijiuliza kama siku hiyo yenyewe imo. Hata *siku yangu ya mwisho* haimtoshi muuguzi, kwa kuwa zamu ya usiku huanza leo ikaisha kesho. Ni heri aandike hivi:

*Nimeamua kujiuzulu kazi yangu ya uuguzi. Taarifa hii ni ya mwezi mmoja, kuanzia leo, tarehe 31 Julai. Zamu yangu ya mwisho itakuwa ya mchana, tarehe 31 Agosti, na baada yake nitakabidhi funguo za kabati la dawa. Nawashukuru kwa miaka mitatu ya kazi.*

Zoezi: Andika upya barua hiyo kwa mkunga aliyeachishwa kazi na anayeomba hati ya utumishi. Eleza kila kiambishi ulichobadilisha katika vitenzi.