Kabla hujaibugia habasoda

Msomaji, ukipita maduka ya viungo ya Mombasa au Eastleigh, Nairobi, utaziona karibu na iliki na mdalasini: punje ndogo nyeusi, chungu kiasi ukizitafuna, na harufu yake hupanda puani. Hizo ndizo habasoda. Jina hilo tulilipata kwa Waarabu, na maana yake ni punje nyeusi tu. Wahindi huziita kalonji na kuzinyunyiza juu ya mikate.

Usizidhanie ufuta mweusi. Ufuta ni bapa na hauna kona; habasoda ina pembe na hukwaruza vidole. Mbegu za kitunguu ndizo huwadanganya hata wapishi wazoefu, basi sugua chache kiganjani unuse kabla ya kulipa.

Sifa zake si za jana. Mbegu hizi zilipatikana katika kaburi la Mfalme Tutankhamun wa Misri, na Waislamu wanaijua hadithi ya Mtume kwamba ndani yake mna ponyo la kila maradhi isipokuwa mauti. Nyumbani, aliyezibwa pua hukaangiwa punje kidogo, zikafungwa kitambaani akawa anazinusa zingali na moto. Mwenye kikohozi hulamba unga wake uliochanganywa na asali. Mafuta yake hupakwa nywele na ngozi.

Je, wataalamu wanasemaje? Wameichunguza kemikali yake iitwayo timokwinoni, na majaribio kwa wagonjwa yameonyesha kuwa habasoda yaweza kuteremsha kidogo sukari na shinikizo la damu. Kidogo, nasema.

Hapo ndipo penye hatari. Ukiwa na kisukari, ukameza vidonge vyako kisha ukaongeza vijiko vya habasoda bila daktari kujua, sukari yaweza kushuka mno ukatokwa jasho, ukatetemeka, hata ukazirai. Na anayetupa vidonge kwa sababu muuza mafuta kamwambia atapona kabisa, huyo anahatarisha macho, figo na miguu yake. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda naye aulize kwanza. Mama mjamzito aile kama kiungo cha chakula, asiinywe kama dawa.

Nunua punje nzima, usage mwenyewe kiasi cha siku chache, uhifadhi kwenye chupa yenye kifuniko. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asilambishwe mchanganyiko ule wa asali, hata akikohoa vipi; mpeleke kliniki.