Kiwanja kinanuka oili, shemeji anataka kupanda mchicha!

SHEMEJI yangu ni mtu wa haraka. Akipenda kiwanja anakitaka leo leo, vinginevyo hata usingizi hapati. Siku hiyo akanipigia simu asubuhi na mapema: "Shemeji, nimepata kiwanja mjini kabisa, upande wa Kizota, bei ya kutupa. Njoo ukione kabla wajanja hawajakiwahi."

Nikaenda. Kusema kweli kiwanja kilikuwa kizuri. Barabara ipo, umeme upo, bomba la maji lipo kwa jirani. Kasoro moja tu: katikati ardhi ilikuwa nyeusi tii, haioti hata jani, na jua lilipopanda ikaanza kutoa harufu ya oili chafu. Dalali akatuwahi. "Hapo zamani palikuwa na gereji, wazee. Mnamwaga kifusi juu, mchezo umekwisha."

Shemeji wala hakumsikia. Alikuwa anapima kwa hatua: hapa sebule, hapa jiko, na kule kwenye kona, chini ya mwarobaini, mkewe atapanda mchicha na matembele.

Wapenzi wasomaji, mnaijua Dodoma ya siku hizi. Tangu Julai 2016, Rais Magufuli alipotangaza kwamba serikali inahamia huku moja kwa moja, viwanja vimekuwa ndiyo salamu. Ukikutana na mtu hakuulizi watoto hawajambo, anauliza una kiwanja? Yadi za vyuma chakavu, gereji bubu na magodauni yanageuka hosteli, fremu za maduka na nyumba za kuishi. Mnunuzi anauliza hati, anauliza mipaka, anauliza kama kuna kesi. Haulizi kiwanja chenyewe kilikuwa kinafanya kazi gani kabla yake.

Mimi huwa mwoga wa harufu nisizozielewa. Pale ninapopanga kuna kijana mmoja aliyesomea mambo ya udongo, nikamwomba Jumamosi anisindikize. Nilitegemea aje na mashine ya kupiga kelele. Wapi! Alikuja na daftari, sepetu na ndoo. Na hakuingia hata kiwanjani. Alivuka barabara akaenda kwa babu mmoja wa Kigogo aliyekuwa ameketi barazani kwake.

"Mbukwa, babu."

"Mbukwa, mjukuu wangu. Mmekuja kununua pale?"

Basi bwana, pale ndipo mambo yalipoanza. Babu akasema gereji ilikuwapo miaka mingi, malori yalimwaga oili hapo katikati. Lakini kule kwenye mwarobaini alikuwapo fundi mwingine, mchaji betri. Betri zikifa alizivunja, maji yake makali akamwaga chini, na risasi ya ndani akaiyeyusha kwa mkaa kutengenezea vichwa vya betri. Risasi hiyo siyo ya bunduki, lakini kwa mtoto mdogo haina tofauti kubwa. Dalali akaanza kuangalia saa.

"Unaona?" kijana akaniambia tukiwa tunarudi. "Oili inajitangaza kwa harufu. Risasi hainuki, haina rangi ya kukutisha, na majani yanaweza kuota juu yake vizuri tu. Bila babu tungechimba katikati, tukaacha kona yenye hatari."

Kwa hiyo kazi ya kupima ardhi iliyochafuka huanza na historia: wazee, majirani, faili la kiwanja. Kwa mji wetu faili lina hadithi yake, maana CDA iliyosimamia ardhi ya hapa tangu 1973 ilivunjwa Mei 2017 na kazi zake zikaenda halmashauri. Baada ya historia ni kutembea na kuangalia. Sepetu inafuata mwishoni.

Nikamuuliza kuhusu kifusi cha dalali. Akacheka, akanisimulia habari ya Vikuge.

Vikuge iko Kibaha, mkoa wa Pwani. Mwaka 1986 lililetwa pale shambani shehena ya dawa za kuulia wadudu, msaada kutoka Ugiriki. Zikawekwa kwenye banda, banda likaanguka, dawa zikabaki kwenye mvua na jua. Baadaye mabaki yaliyoonekana kwa macho yakaondolewa na watu wakapumua. Halafu watafiti wakaenda kuchimba. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yanatisha: udongo wa juu ulikutwa na DDT hadi asilimia 28, na sumu nyingine ya jamii hiyo, HCH, hadi asilimia 6. Sumu ilikutwa hadi kina cha sentimita 50, na ilikutwa pia kwenye maji ya kisima. Yaani katika ndoo nne za udongo ule, moja na zaidi ni DDT! Watafiti walisema wazi kwamba udongo uliobaki ni taka ya sumu yenyewe. Na pale palikuwa pameshaitwa pamesafishwa.

Tukarudi kiwanjani. Kijana akachota udongo wa juu kabisa, kisha wa kina cha goti, kila sehemu mfuko wake na namba yake: kwenye weusi, chini ya mwarobaini, mlangoni. Halafu akavuka barabara akachota na kwa babu. Nikashangaa, kwa babu kuna nini? Akasema lazima uwe na udongo usioguswa wa kulinganishia, maana ardhi yoyote ina risasi kidogo ya asili. Bila hiyo, namba za maabara ni kama matokeo ya mpira bila kujua nani alicheza na nani.

Mimi nilidhani hofu kubwa ni maji. Ni kweli, ukichimba kisima kwenye kiwanja cha namna hiyo unajitafutia. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 ulishaonyesha maji ya ardhini ya Dodoma yana naitreti nyingi, na vyoo vikatajwa kuwa chanzo. Kinachomwagwa juu huku kinafika chini, pamoja na ukame wetu wote. Lakini kijana alisema kwa risasi tuogope kwanza vumbi. Nani asiyelijua vumbi la Dodoma? Kuanzia Juni upepo unavuma, linaingia kwenye sahani, kwenye godoro, kwenye pua. Mtoto anatambaa, analamba mkono. Risasi inaharibu ubongo unaokua, na akili iliyopotea hivyo hairudishwi na dawa.

Wenzetu wa Mombasa wameyaona. Mtaa wa Owino Uhuru ulikuwa jirani na kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, mama aliyewahi kufanya kazi humo na mtoto wake akaugua, ndiye aliyesimamia mapambano. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3 na kuagiza udongo usafishwe. Kesi ikapanda rufaa, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha fidia ile. Huku kwetu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inasema aliyechafua ndiye alipe, na viwango vya ubora wa udongo vilitungiwa kanuni mwaka 2007. Sasa mchaji betri aliyehama zamani utampata wapi?

Majibu ya maabara yakaja. Katikati, oili tupu. Hiyo ina dawa: unalima, unachanganya samadi, unamwagia maji na kugeuza mara kwa mara, vijidudu vya udongo vinaila taratibu kwa miezi mingi. Chini ya mwarobaini, risasi imezidi mara nyingi ile ya kwa babu. Risasi haiozi, haiungui, hailiwi na kijidudu. Ama uchimbe na kuipeleka panapokubalika kwa taka za sumu, ama uifunike kwa zege na kuhakikisha hakuna anayelima wala kuchimba. Godauni lingekubalika pale, au maegesho. Nyumba yenye watoto na bustani, hapana.

Shemeji aliposikia gharama akaomba apunguziwe bei. Dalali akamwambia kwa dharau, "Mzee, udongo ni udongo." Tukaondoka. Kwa wiki mbili shemeji hakunisalimia vizuri.

Mwezi uliopita nilipita pale kwa daladala. Nyumba imefika kwenye linta, katikati pamemwagwa kifusi, na chini ya mwarobaini kuna tuta la mchicha limestawi ajabu. Nikashuka. Mama mmoja alikuwa anamwagilia, mtoto yuko mgongoni. Nikamwamkia, nikajieleza, nikamweleza yote. Akanisikiliza kwa upole, akaangalia mboga zake.

"Kaka yangu, mbona zimependeza hivi?"

Nikamwonyesha baraza ya babu ng'ambo ya barabara, nikamwomba avuke akamuulize palikuwa na nini hapo. Akaweka ndoo chini, akafunga kanga vizuri, akavuka.