Mbavu za kuchoma nyumbani: Punguza chumvi, epuka ndimi za moto

Mkazi wa Thika au Ruiru akitaka mbavu za kuchoma, aghalabu huenda kwenye buchari yenye jiko upande wa nyuma, akaagiza kilo zake na kungoja akipiga soga. Wako pia wanaonunua nyama mbichi na kuichomea nyumbani. Hao wana faida moja kubwa: wanajua kilichotiwa katika nyama yao. Hata hivyo, faida hiyo hupotea mara nyingi kwa sababu ya chumvi, moto na mahali jiko linapowekwa.

Tuanze na nyama yenyewe. Ubavu si kama paja. Una mnofu mwembamba ulioshikamana na mfupa, mafuta mengi, na nyuzi ngumu ambazo huyeyuka na kulainika zikipata joto la kadiri kwa muda mrefu. Ukiuweka juu ya moto mkali, nje hugeuka makaa huku ndani ukibaki kama mpira. Mpishi asiyejua hilo huongeza chumvi na unga wa viungo wa pakiti akidhani atauokoa.

Unga huo wa pakiti, msomaji, mara nyingi una chumvi nyingi tayari. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani takriban kijiko kimoja cha chai, kwa vyakula vyote alivyokula tangu asubuhi. Kwa kilo mbili za mbavu za kuliwa na watu sita, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kinatosha kabisa. Ile desturi ya kumwaga chumvi kando ya ubao na kuchovya kila kipande ndiyo inayowaumiza wenye shinikizo la damu, na wengi wao hawajui kwamba wanalo.

Ladha basi itoke wapi? Hapa watu wa Thika wana bahati. Mji wao umepakana na mashamba makubwa ya mananasi ya Del Monte, na nanasi halikosekani sokoni. Nanasi bichi, yaani lisilopikwa, lina kimeng'enya kiitwacho bromelini, ambacho huvunjavunja protini za nyama na kuilainisha. Watu wa Pwani hutumia papai bichi katika mishkaki kwa sababu iyo hiyo. Nanasi la mkebe halifanyi kazi hii, maana limepashwa moto na kimeng'enya kimekufa.

Kwa kilo mbili za mbavu za mbuzi, bandua kwanza ule utando mweupe ulio upande wa ndani. Twanga punje tano za kitunguu saumu na kipande cha tangawizi kama kidole gumba, uchanganye na nusu kikombe cha maji ya nanasi, maji ya limau moja, pilipili manga kidogo, dania na ile chumvi uliyopima. Paka kote na uache kwa saa moja, isizidi mbili. Usiilaze usiku kucha. Bromelini haijui kusimama, na asubuhi utakuta nyama imekuwa kama uji juu juu.

Kisha zitie mbavu katika sufuria pamoja na maji kidogo, funika, na uziache zitokote taratibu. Mbuzi huchukua kama saa moja. Ng'ombe huhitaji saa moja na nusu hadi mbili. (Katika nyanda zetu hizi maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100 kama Mombasa, kwa hivyo usishangae shangazi yako wa Pwani akikwambia yeye humaliza mapema.) Nyama ikianza kuachana na mfupa, iko tayari kwenda kwenye makaa, na huko inahitaji dakika 15 au 20 tu.

Kuna watakaosema kwamba hiyo si nyama choma bali ni nyama ya kuchemsha iliyopitishwa motoni. Wana haki yao. Lakini wataalamu wa saratani wana sababu nzuri ya kupendelea njia hii. Nyama inapochomwa kwa moto mkali, protini zake hutoa kemikali zinazoweza kudhuru chembechembe za mwili. Aidha, mafuta yanayodondoka juu ya makaa hutoa moshi wenye kemikali nyingine za aina hiyo, nao hurudi na kung'ang'ania nyama. Mnamo Oktoba 2015, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO lilitangaza kwamba nyama nyekundu yamkini husababisha saratani. Mbuzi, ng'ombe, kondoo na nguruwe wote wamo katika kundi hilo. Shirika la World Cancer Research Fund hushauri mtu asizidishe gramu 500 za nyama nyekundu iliyopikwa kwa wiki. Kuna watu humaliza kiasi hicho kwa kikao kimoja kabla ya ugali kufika.

Kwa hivyo ngoja makaa yavae jivu jeupe, yasukume upande mmoja wa jiko, na uweke mbavu upande wa pili. Ndimi za moto zikiruka, ondoa nyama kwanza. Sehemu iliyoungua ikatwe na kutupwa. Ukipenda mchuzi wa nyanya au asali, paka katika dakika tano za mwisho, kwani sukari huungua upesi. Na tafadhali usiwashe makaa kwa mifuko ya plastiki.

Kwa wapenzi wa nguruwe, nyama ambayo haijaiva vyema inaweza kuleta minyoo ya tegu, hivyo usionje kabla haijaiva. Nunua nyama yenye mhuri wa mkaguzi, hata ya mbuzi aliyechinjwa kwa sherehe ya jirani. Ugonjwa wa kimeta hauondolewi kwa kuchoma.

Sasa tuje kwa jiko. Ruiru na Thika zimejaa nyumba za kupanga, nyingi zikiwa za chumba kimoja, na mwezi wa Juni na Julai baridi huwa kali. Mtu huchoma mbavu zake mlangoni, hula akashiba, kisha huingiza jiko ndani ili kupasha chumba joto. Makaa yaliyofunikwa na jivu bado hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, na aliyelala hapati onyo lolote. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na kulegea. Zikiwapata watu kadhaa wa nyumba moja kwa wakati mmoja, msidhani ni nyama iliyowadhuru. Tokeni nje mara moja, kisha mkimbilie hospitali, iwe ni Thika Level 5 au ile ya Ruiru, na mwelezeni daktari kwamba kulikuwa na jiko ndani. Asipoambiwa, anaweza kutibu malaria au chakula kibovu. Jiko lichomee nje na libaki nje, makaa yazimwe kwa maji au mchanga. Dirisha lililofunguliwa kidogo halitoshi.

Mbavu zikibaki, zitie katika friji kabla ya saa mbili kupita. Maji yaliyolowekea nyama mbichi yamwagwe, na ubao wa kukatia kachumbari usiwe ule uliokatia nyama hiyo.